UZI: Safu ya maikroni 20 kwenye beringi za injini. Unajuaje imebaki kiasi gani kabla injini haijanoki?

Mkerezaji

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuchonga krenki, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni kupitia mikono inayoitwa konrodi. Krenki ikiletwa, inakuja na beringi zake zilizokufa zimefungwa kwenye gazeti, na mwenye gari anakuja na swali: hizi zilitakiwa zidumu kilomita ngapi? Humu jukwaani nimeona majibu ya laki 3, laki 5, na "inategemea mkono wa fundi". Nimeona tuliongee kwa hesabu, kwa sababu hesabu ipo. Ila kuna mahali inakwama, na hapo ndipo nataka tufike.

Tuanze na beringi yenyewe. Ukiishika beringi ya konrodi ya lori la dizeli unaona kipande cha chuma kilichokunjwa nusu duara, kumbe ni tabaka nne. Mgongo ni chuma. Juu ya chuma kuna shaba yenye madini ya risasi ndani yake, unene kama robo milimita. Juu ya shaba kuna utando wa nikeli wa maikroni 1 au 2 tu. Juu kabisa ni ile kijivu laini unayoweza kuikwaruza kwa ukucha: risasi na bati, maikroni 15 hadi 25 hivi. Milimita moja ni maikroni 1,000, kwa hiyo hapa tunaongelea kitu ambacho venia haikioni.

Safu ya juu ni laini kwa makusudi. Vumbi likipita filta linazama humo badala ya kuchana krenki. Krenki ikigusa kidogo, safu inajiumba upya ifuate umbo lake. Shaba iliyo chini haina upole huo. Nikeli nayo imewekwa kuzuia bati lisihamie kwenye shaba. Kwa joto la injini bati hutembea polepole, na likifika kwenye shaba linatengeneza kitu kigumu kinachovunjika kirahisi. Risasi inayobaki juu bila bati inaliwa na asidi za oili iliyozeeka.

Sasa hesabu. Mwaka 1953 Mwingereza J. F. Archard alichapisha kanuni ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa kuingilia somo hili: kiasi kinacholika huongezeka kwa mzigo na kwa umbali wa kuteleza, na hupungua kadiri kitu kinavyokuwa kigumu. Ukiipanga kwa kina badala ya ujazo inakuwa fupi:

kina = k × p × s

p ni presha kwenye uso kwa megapaskali, s ni umbali wa kuteleza kwa mita, k ni namba ya ulikaji, na jibu linatoka kwa milimita. Mambo yote yamejificha kwenye k. Vyuma viwili vikavu vikisuguana, k yake inaweza kuwa maelfu ya mara zaidi ya vyuma hivyohivyo vikiwa na oili safi.

Chukua krenki yenye kipenyo cha milimita 60, injini inazunguka 2,000 kwa dakika. Uso unakwenda mita 6.3 kwa sekunde. Weka presha 10, weka k ya 0.000001, ambayo kwa vitu laini vinavyogusana na oili kidogo si mbaya. Safu ya milimita 0.02 inaisha kwa sekunde 320 hivi. Dakika tano na kidogo.

Injini gani inakufa kwa dakika tano? Kwa hiyo kuna kitu tumekiweka vibaya kwenye kanuni. Nani anakiona?

Dereva_TDM

Oili, mkuu. Krenki haigusi beringi, inaogelea.

Na hapo hapo naomba unijibu kitu kinachonisumbua. Mimi niko na lori, Dar–Tunduma. Tulifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, mwaka jana kwa sababu nyingine kabisa, fundi akashusha kepu mbili za konrodi tuone. Kijivu ipo karibu yote. Mdogo wangu ana basi la wanafunzi la mjini, kilomita zake hazifiki hata nusu ya zangu, beringi zimeshatoa rangi ya shaba. Oili tunanunua duka moja.

Mkerezaji

Dereva umenirahisishia kazi.

Injini ikishapata mwendo, oili inavutwa kwenye nafasi kati ya krenki na beringi, inatengeneza kabari inayobeba mzigo wote. Pale inapobana zaidi, utando wa oili ni maikroni 1 au 2, mzigo ukiwa mkubwa unaweza kushuka chini ya 1. Krenki iliyochongwa na kupigwa polishi vizuri ina mikwaruzo ya kama maikroni 0.2. Vilima havifikii upande wa pili. Hakuna kugusana, basi s yako ni sifuri hata ukienda Tunduma na kurudi mwaka mzima.

Kinachohesabika ni muda ule oili haijabeba: kuwasha, kuzima, na pale dereva anapomlazimisha gari kupanda mlima kwa gia kubwa injini ikiwa chini kabisa. Tufanye hesabu ya kuwasha. Stata inazungusha kama 200 kwa dakika, hiyo ni mita 0.63 kwa sekunde. Tuseme ni nusu mita tu ya kuteleza kabla oili haijabeba, na mzigo mdogo wa megapaskali 1. Kwa k ileile unapata milimita 0.0000005 kwa kila kuwasha. Safu ya maikroni 20 inatosha kuwasha mara 40,000.

Lori la safari ndefu linawashwa mara chache kwa siku. Basi la wanafunzi linazimwa kila kituo kuokoa mafuta, tena injini haijapata moto sawasawa. Ukiwasha mara 10 kwa siku, mara 40,000 ni miaka 11 hivi. Ukiwasha mara 40, miaka isiyofika mitatu. Ndiyo sababu sipendi swali la "kilomita ngapi". Kilomita haimo kwenye kanuni.

Halafu ongeza vumbi. Filta ya hewa ikiwa imechanika, au ni ile ya kupulizwa kwa kompresa kila wiki mpaka karatasi inalegea, k inaweza kupanda mara kumi bila shida. Mara 40,000 zinakuwa 4,000.

Namba hizi ni za mfano, mtu asinishikie. Lakini uwiano wake ni wa kweli.

Aqua_Kimara

Sisi wenye haibridi tufanyeje sasa? Injini yangu inazima na kuwaka yenyewe kwenye kila foleni. Ubungo hadi Posta sijui imewaka mara ngapi.

Mkerezaji

Waliotengeneza walilijua hilo, kaka. Injini nyingi za namna hiyo zinatumia beringi zenye safu ya plastiki ngumu isiyoogopa joto, iliyochanganywa na unga wa vitu vinavyoteleza kama grafaiti au molibdenamu salfaidi. k yake wakati wa kugusana ni ndogo kuliko ya risasi na bati. Ukienda kufungua, usikubali kuwekewa beringi "zinazoingia saizi" tu. Zinaweza kuingia saizi na safu ikawa ya kazi nyingine kabisa.

Mzee wa Dizeli

Vijana, hesabu zenu nimezisoma zote na chai imepoa. Ni nzuri. Lakini mimi nimefungua injini ambazo beringi hazikulika hata kidogo, zilibambuka. Upande mmoja kijivu mpya kabisa, unaona hata alama za kiwandani, upande wa pili kipande cha ukubwa wa ukucha hakipo. Archard wenu anasemaje?

Mkerezaji

Shikamoo mzee. Archard hasemi kitu, na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kanuni ile inahesabu kulika: kidogo leo, kidogo kesho. Kubambuka ni uchovu. Kila silinda ikichoma, beringi ya juu ya konrodi inapigwa, oili ikiwepo au isiwepo. Presha ya oili yenyewe inapanda na kushuka na safu inajikunja kidogo kila mara. Baada ya mamilioni ya mapigo nyufa ndogo zinaanza juu, zinateremka wima, na zikikaribia kiungio na tabaka la chini zinageuka zinakwenda ubavu. Nyufa mbili zikikutana, kipande kinatoka. Hakuna maikroni iliyolika. Ukipima unene siku moja kabla ungesema beringi ni mpya.

Na ubaya ni kwamba dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu ya mwingine. Safu nene inameza vumbi zaidi na inachukua muda mrefu kulika, lakini inachoka mapema. Safu nyembamba inavumilia mapigo kwa sababu imeshikwa na tabaka gumu la chini yake, lakini vumbi kidogo tu imetoboka. Anayekuambia "hii ina safu nene, ndiyo nzuri" muulize kwanza ni kwa injini ipi.

Kwa kazi yangu ya krenki, ninachoogopa zaidi ni mzigo kukaa pembeni. Jeno, ile sehemu ya krenki inayokaa kwenye beringi, ikichongwa na tepa kidogo, yaani upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, beringi inabeba nusu ya upana wake. Presha imezidishwa mara mbili, oili inakimbilia upande ulio wazi, na uchovu haupandi mara mbili tu, unapanda zaidi sana. Vivyo hivyo fundi akiacha punje ya uchafu nyuma ya beringi wakati wa kufunga. Ukiitoa unaona doa linalong'aa mbele, geuza mgongoni, alama ya punje ipo palepale.

Mzee wa Dizeli

Marahaba. Umejibu. Ongeza na la krenki zenyewe: zipo zilizotiwa naitridi, ngozi ngumu juu na laini ndani. Ukiipeleka saizi 10, umetoa robo milimita kwa kipenyo, ile ngozi ngumu ya juu kabisa imekwenda na maji ya mashine. Zinatakiwa kurudishwa kwenye naitridi. Nani anarudisha? Wanafunga hivyohivyo, halafu wanailaumu beringi.

MwanaChuo_Mitambo

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, mradi wangu ni huu huu, ila kwa mipako migumu. Tuna data za majaribio ya kipini kinachosuguliwa juu ya sahani inayozunguka, yale ya kiwango cha ASTM G99. Mipako ni titani naitridi, kromu naitridi na ile ya kaboni inayofanana na almasi. Nimefundisha programu ya akili mnemba kwa mzigo, kasi, joto, ugumu na unene. Inabashiri ulikaji vizuri sana, nukta karibu zote zinaangukia kwenye mstari. Kwa nini tuhangaike na kanuni ya 1953?

Mkerezaji

Karibu sana mdogo wangu. Swali moja: kwenye hizo data, mipako mingapi ilitoboka?

MwanaChuo_Mitambo

Tulikuwa tunasimamisha jaribio kabla haijatoboka. Ikitoboka msuguano unaruka na kupima kovu kunakuwa kugumu.

Mkerezaji

Basi programu yako imejifunza maisha bila kuona kifo hata kimoja. Itakubashiria vizuri kitakacholika kesho, mradi kesho ifanane na jana.

Ninavyoelewa mimi, mpako mgumu unaweza kuwa na k ya 0.0000001 na chuma cha chini yake kikawa na mara mia zaidi ya hapo. Siku mpako unapotoboka k hairudi nyuma. Na vile vipande vya mpako vilivyovunjika ni vigumu kuliko kitu chochote kilicho karibu, vinabaki katikati vinasaga pande zote mbili. Mstari wako ulionyooka unageuka ukuta. Mwenye mashine anautaka ukuta uko wapi, mteremko wa kabla ya hapo haumsaidii.

MwanaChuo_Mitambo

Hapo kwenye data nakubaliana nawe, lakini sikubali kwamba njia yenyewe haifai. Tunachoweza kubadilisha ni swali. Badala ya kuuliza "imelika kiasi gani", tuendeshe sampuli nyingi za mpako uleule mpaka zitoboke zote, tuandike kila moja ilikwenda umbali gani. Hazitakufa siku moja hata zikitoka tanuru moja, zitatawanyika. Huo mtawanyiko unapangwa kwa njia ya Weibull, ileile wanayotumia kwa beringi za mipira, halafu unasema: kwa mzigo huu, sampuli 10 katika 100 zitakuwa zimetoboka kabla ya umbali fulani. Namba hiyo mwenye mashine anaweza kuitumia. Wastani haumsaidii, kwa sababu nusu ya mashine zake zitakuwa zimeshakufa.

Na kuna jambo Archard analiacha nje ambalo kwa mpako mgumu ni kubwa: chuma cha chini. Mpira wa chuma ukikandamizwa juu ya uso bapa, mkazo mkubwa wa kukata haupo juu, uko ndani kidogo, kwa kina cha karibu nusu ya nusu-kipenyo cha eneo linalogusana. Mpako wa maikroni 3 uko juu sana ya hapo. Kwa hiyo chuma laini cha chini ndicho kinachobonyea, na mpako unavunjika kama ganda la yai juu ya godoro, haujalika wala haujachoka. Msuguano ukizidi 0.3 hivi, mkazo huo unapanda juu, unakuja kukaa kwenye mpako wenyewe na kiungio chake. Kwa hiyo msuguano uleule tunaoupima unatuambia pia ufa utaanzia wapi.

Mzee wa Dizeli

Huyu kijana mpeni kazi.

Mkerezaji

Nimekubali. Sampuli mpaka zitoboke, hiyo ndiyo data. Gharama yake ndiyo inayowashinda wengi, wanabaki na zile za nusu safari. Na unene mnapima vipi?

MwanaChuo_Mitambo

Tunasaga kishimo kwa mpira wa chuma na unga wa almasi. Ukitazama kwa darubini unaona duara mbili, ya nje ni mwisho wa mpako juu, ya ndani ni pale chuma kinapoanza. Kipenyo cha nje mraba, toa cha ndani mraba, gawa kwa mara nne ya kipenyo cha mpira. Dakika chache umepata unene.

Likoni_Haidroli

Jamani hamjambo. Naona mnasema injini tu, sisi huku Mombasa tunahangaika na fito za haidroli, zile zinazoingia na kutoka kwenye silinda, zilizopakwa kromu ngumu. Ni maikroni 20 au 30 hivi, ugumu wake unafika 800 hadi 1,000 kwa kipimo cha Vickers, sili ya raba haiwezi kuila. Ukifanya hiyo hesabu yenu ya k utaambiwa itaishi kuliko mwenye ekskaveta.

Inakufa kwa chumvi. Kromu ngumu ina nyufa ndogondogo tangu inapotoka kwenye beseni, huzioni kwa macho. Mashine ikiegeshwa karibu na bahari fito zikiwa nje, unyevu wenye chumvi unapenya mpaka chuma cha chini. Kutu inavimba, kromu inainuka, kijidoa kinatoka. Siku ya kwanza kufanya kazi, kingo za kijidoa zinanyoa sili. Mwenye mashine anasema sili ni feki. Mimi nikiona mashine imelala miezi, kitu cha kwanza nauliza fito ziliachwa ndani au nje, na kama zilipakwa grisi. Masaa ya kazi siulizi hata kidogo.

Stuttgart_Mswahili

Salaam kutoka Ujerumani. Alichosema ndugu wa Likoni kina kisa chake kikubwa huku.

Mwaka 1967 kampuni ya Mahle, ya hapa Stuttgart, ilileta mpako wa nikeli wenye punje za silikoni kabaidi ndani yake, unaitwa Nikasil. Kwanza ulikusudiwa injini za Wankel, zile zenye rota badala ya pistoni, baadaye ukaingia kwenye silinda za alumini za magari na pikipiki. Kwa kulika ni mpako wa ajabu, unaishi kuliko silivu ya chuma cha kutupwa. BMW wakautumia kwenye V8 yao ya M60 miaka ya 1990, Jaguar nao kwenye V8 yao. Muda si mrefu Marekani na Uingereza magari yakaanza kukosa kompresheni na kusumbua kuwaka.

Chanzo kilikuwa salfa kwenye petroli. Salfa ikiungua na ikakutana na unyevu kwenye silinda iliyo baridi, inatengeneza asidi, asidi inakula nikeli. Walioumia zaidi ni wenye safari fupi fupi, injini haipati moto. BMW walibadilisha injini nyingi na V8 iliyofuata, M62, wakaihamishia kwenye alumini yenye silikoni nyingi isiyohitaji mpako huo. Hakuna aliyekosea ugumu wala unene wala k. Mafuta ya kwenye pampu ndiyo hayakuwa sehemu ya ubashiri.

Nikasil yenyewe haikufa, pikipiki nyingi za leo bado zinatumia mipako ya ukoo huo. Petroli ndiyo iliyobadilika. Na sisi nyumbani tunajua mafuta yanavyobadilika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Jedwali la ulikaji lililoandikwa kabla ya hapo ni la injini nyingine.

Dada_Spea

Mimi nauza beringi na nimewasoma kimya kimya tangu asubuhi. Swali langu ni la dukani. Wateja wanakataa zile nyeupe za alumini wanasema "hazina risasi, feki". Ni kweli?

Mkerezaji

Si kweli dada yangu. Ulaya walifunga mlango wa risasi kwenye beringi za magari mapya mwaka 2011, na alumini yenye bati ilikuwepo hata kabla ya hapo. Nyingi za alumini ni tabaka mbili tu, chuma na alumini, hazina safu ya juu ya kutoboka. Zinahesabiwa tofauti: unene wote wa alumini ndio maisha yake, lakini hazimezi vumbi kama zile za risasi, zinataka krenki yenye polishi nzuri. Injini ya petroli iliyokuja nazo, irudishiwe hizo. Ukimpa mtu wa dizeli nzito iliyokuja na tabaka nne, hapo umempa matatizo.

Maabara_ya_Oili

Niwaongezee kitu, maana kila mtu anaongelea kupima baada ya kufungua. Oili inapimwa injini ikiwa inatembea. Reli ya Denver and Rio Grande kule Marekani walikuwa wanafanya hivyo kwa injini zao za dizeli tangu 1946, si jambo jipya.

Twende na hesabu ya Mkerezaji. Beringi ya milimita 60 kwa upana wa 25. Mzunguko wake wote ni milimita za mraba 4,700 hivi, tuseme inalika robo yake, 1,200. Ikiondoka maikroni 5, ni milimita za ujazo 6, na kwa uzito wa risasi na bati ni miligramu 63 hivi. Oili lita 10 ni kilo 9. Beringi moja imeongeza sehemu 7 kwa milioni kwenye oili. Injini ya silinda sita zikilika zote sawa, zaidi ya 40, na sehemu kubwa ya hizo ni risasi. Mashine yetu, inayochoma oili na kusoma metali zilizomo, inaiona bila shida. Kwa hiyo robo ya safu ikiondoka, tunajua bila kugusa hata boliti.

Mfuatano wake ndio wenye habari. Risasi na bati zikipanda pamoja, safu ya juu inalika. Nikeli ikichungulia kidogo halafu shaba ikafuata, imetoboka, usiendelee na safari. Silikoni ikipanda kabla ya yote, angalia filta ya hewa kwanza. Risasi ikipanda peke yake bila bati, na oili imekaa muda mrefu, mara nyingi ni asidi inayoila.

Lakini Mzee wa Dizeli, ule ugonjwa wako wa kubambuka mashine yetu haiuoni. Chembe zikizidi kama maikroni 5 mashine haizichomi sawasawa. Beringi inaweza kumwaga vipande kwenye sampo na karatasi yangu ikaandika "kawaida". Kwa hilo kata filta ya oili. Kata kopo kwa kikata bomba cha gurudumu, si kwa msumeno wa meno, ili usilete chuma chako mwenyewe, kunjua karatasi juani. Vipande bapa vya kijivu vinavyong'aa upande mmoja, hivyo ndivyo.

Dereva_TDM

Kwa hiyo sampuli ya oili ni ya kulika na filta ni ya kubambuka. Mbona hakuna aliyewahi kutuambia vitu viwili hivi pamoja?

Sampuli moja bei gani dada?

Maabara_ya_Oili

Bei njoo inbox, nisije nikafungiwa kwa kufanya matangazo. Ila sampuli moja peke yake haikusaidii sana. Leta tatu za mfululizo, kila unapobadilisha oili, ukiandika masaa au kilomita za oili hiyo na lita ulizoongeza njiani. Ukiongeza lita 3 bila kuandika umenipunguzia risasi kwenye karatasi, nitakuambia injini imepona. Na uichote injini ikiwa ya moto, oili inayotoka katikati, si ya kwanza wala ya mwisho.

Dereva_TDM

Sawa. Basi la mdogo wangu tunalifungua Jumamosi, shaba imeshaonekana, hakuna cha kusubiri. Mkerezaji nikuletee krenki tu au na beringi?

Mkerezaji

Leta vyote. Beringi zisioshwe kwa petroli, zifutwe kwa kitambaa tu. Kila moja iandikwe mgongoni kwa kalamu ya wino namba ya silinda, ya juu au ya chini. Za mesini, zile zinazoshika krenki kwenye bloku, pia, hata zile zinazoonekana nzima. Kama shaba imeonekana kwenye zote kwa usawa, ni kuwasha na kuzima, tutaongea na dereva. Ikiwa ni moja au mbili tu na za pembeni, nitapima konrodi kama imepinda kabla sijagusa krenki. Na uje na kopo la filta, usilikate, tutalikata hapa mbele ya Mzee wa Dizeli kama atapata nafasi.

Mzee wa Dizeli

Saa ngapi?